Kabla Hujabonyeza Ndiyo

Ipo Jumatano moja, mwanangu, ambayo mpaka leo sijaisahau. Usicheke. Najua hapa ofisini mnaniita Bibi kwa ajili ya hii miwani, na kwa ajili ya kelele ninazopiga mtu akigusa kompyuta bila kusoma kilichoandikwa, ingawa miaka yangu bado haijafika huko. Jana nimekuona unasakinisha programu kwenye ile mashine ya dirishani, kidole kiko juu ya Y, macho yako kwenye simu. Nikasema huyu nikimnyamazia nitakuwa nimemkosea mama yake. Haya, kaa hapo, jimiminie chai, nikueleze.

Nilikuwa binti, ndiyo kwanza nimetoka chuoni, nikaajiriwa na mradi mdogo wa maji ya vijijini pale Iringa. Ofisi ilikuwa Kihesa, chumba kimoja chenye baridi ya kukufanya uandike umevaa koti. Tulikuwa wawili tu, mimi na mkuu wangu, Mhandisi Mwakalinga, mama wa Kinyakyusa, mrefu, sauti yake ya chini, lakini ukimkosea unatamani ardhi ipasuke uingie. Mradi ulikuwa unachagua vijiji vya kupewa mabomba, na kimojawapo kilikuwa kijiji chetu, upande wa Kilolo, anakoishi mama yangu mzazi.

Mama alikuwa anateremka bondeni alfajiri na ndoo, anarudi nayo kichwani akipanda kilima ambacho hata mbuzi wanapumzika katikati. Alikuwa ameshazeeka. Kikao cha kuchagua vijiji kilikuwa Ijumaa, na kijiji kisicho na hesabu za presha ya maji kilikuwa kinaondolewa, kinasubiri msimu mwingine ambao hakuna aliyejua kama ungekuja. Kwa hiyo mimi nilipoziangalia zile hesabu sikuona hesabu, niliona shingo ya mama yangu chini ya ndoo.

Sasa, programu ya hesabu tuliyozoea ilikuwa ya kununua, na leseni yake ilikuwa imeisha. Mhandisi akasema tusihangaike, ipo Octave, ya bure, watu wa nchi mbalimbali wanaijenga pamoja na kumwachia kila mtu aitumie, na mahesabu yake ni yaleyale. Kompyuta ya ofisi tayari ilikuwa ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta ulio wa bure vilevile, maana virusi vya flashi vilikuwa vimetutesa vya kutosha. Akaniachia kazi hiyo, niisakinishe, niipe faili lake la hesabu, nipate majibu kabla ya Ijumaa. Yeye akapanda basi kwenda kwao Mbeya, Ilomba, kwenye msiba wa shangazi yake.

Kusakinisha Octave kwenye Linux si kazi ya kutisha. Unafungua ule ukurasa wa kuandikia amri, unaandika mstari mmoja, unatoa neno la siri, inashusha vifurushi vyake, yaani vipande vya programu, mtandaoni, inauliza kama iendelee, unasema ndiyo. Nilifanya hivyo na ikaingia. Nikafurahi peke yangu, nikapiga makofi. Nilipoipa faili la Mhandisi ikagoma, ikasema ndani yake kuna amri isiyoifahamu. Toleo nililoweka lilikuwa la zamani.

Hapo ndipo wasiwasi ulipoanza, na mimi mwenye wasiwasi huwa nafanya mambo mbiombio. Nikatafuta mtandaoni, nikakuta ukurasa wa mtu nisiyemjua anaeleza namna ya kupata toleo jipya. Unaiongezea kompyuta anwani nyingine ya kuchukulia programu, basi. Sikuangalia kwamba anwani ile ilikuwa ya Linux ya toleo jingine kabisa, si hili la kwetu. Nikanakili, nikabandika, nikaagiza Octave mpya. Modemu yenyewe ilikuwa ya kuchomeka, mtandao unakuja na kuondoka, nami nimekodoa macho kwenye taa yake ndogo inayowakawaka, naomba Mungu isizime.

Maandishi yakaanza kuporomoka kwenye kioo. Linux haikufichi kitu, mwanangu, hiyo ndiyo sifa yake. Iliniandikia waziwazi: vifurushi hivi vitaongezwa, na chini yake, hivi vitaondolewa. Orodha ya vya kuondolewa ilijaza kioo chote. Kisha ikauliza kwa adabu zake, je, iendelee? Y ya ndiyo au N ya hapana.

Nikabonyeza Y.

Nikueleze kwa nini, maana uvivu haukuwepo. Sisi tuliolelewa kwa Wahehe, mkubwa akisema unaitikia. Unainama, unaitikia ee, ee, hata kabla hajamaliza, kumwonyesha kwamba uko naye. Ukimkatiza na kumuuliza ana maana gani, watu wanajiuliza umelelewa wapi. Mama alinifundisha hivyo na wala sijutii. Basi ile mashine niliiona kama mkubwa fulani hivi, inaongea Kiingereza kizito, inajua kuliko mimi. Ikiniuliza jambo, naitikia.

Nilipoiwasha upya, picha ya mbele haikutokea. Hakuna madirisha, hakuna mshale wa mausi, hakuna folda hata moja. Kioo cheusi, na mstari mmoja mweupe unaniomba jina. Mama yangu weee! Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na vipimo vyote vya kijiji chetu, kila kilima na kila bonde tulilolipima kwa miguu tukinyeshewa, na nakala nyingine haikuwepo popote. Niliizima nikaiwasha tena, nikaizima, nikaiwasha. Kioo kikabaki cheusi vilevile.

Simu ikaita. Mhandisi, kutoka Ilomba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa. Habari za huko?"

"Nzuri."

"Za kazi?"

"Nzuri, mama."

"Octave imeingia?"

"Ee, mama, imeingia..."

Nilikuwa nataka kusema lakini. Naapa neno lilikuwa mdomoni, natafuta tu pa kulipenyeza bila kumwangushia mfiwa habari mbaya juu ya habari mbaya. Mtandao ukakata. Nilipompigia sikumpata, nikarudia tena na tena mpaka chaji ikaniishia, na siku hiyo mtaa mzima umeme ulikuwa umeshakatika. Nikakaa gizani na ile kompyuta iliyozimika, nalia kimyakimya.

Usiku ule sikuuona usingizi. Na kumbe huko nyuma mambo yalikuwa yanatembea. Mhandisi, akijua habari ni nzuri, alimpigia mwenyekiti wa kijiji chetu akamwambia hesabu zinakwenda vizuri. Mwenyekiti naye akaona asilaze damu. Kijiji kilichokwisha kuanza kuchimba huonekana kina nia, kwa hiyo akatangaza msaragambo, kila nyumba itoe mtu na jembe, wachimbe mtaro kufuata vile vijiti tulivyopigilia siku za kupima. Nyumba yetu ilikuwa na mtu mmoja tu wa kutoa.

Alhamisi mchana, umeme umesharudi, Mhandisi akashuka basi, akaja ofisini moja kwa moja na begi lake, kitenge cha msiba bado kiko kiunoni. Nikampokea begi. Nikamwamkia, nikampa pole ya safari.

"Habari za hapa?" akauliza.

Na mimi, huku ule weusi uko nyuma yangu, macho yamenivimba, nikasema, "Nzuri."

Akanitazama. Akaitazama kompyuta. Akaniambia kwa ile sauti yake ya chini, "Mwanangu, salamu zimekwisha. Sasa nauliza."

Nikapasuka. Nilimweleza yote nikilia, ukurasa wa mtandaoni, anwani, orodha, Y. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema maneno ambayo nimeishi nayo. "Mashine ilikuuliza ukaiitikia. Mimi nikakuuliza ukaniitikia. Hakuna kati yetu uliyemjibu. Sasa nimewaambia watu kule kijijini kwamba mambo ni mazuri, na mimi siwezi kuimeza kauli hiyo peke yangu, utanisaidia kuitapika." Kisha akavuta kiti, akakaa. "Na mimi nina langu. Nilikuuliza kama anayesalimia. Sogea."

Aliandika jina, akaandika neno la siri, halafu herufi mbili tu. Majina ya mafaili yakajipanga kwenye weusi ule. Yote yalikuwepo. Kilichoondolewa ni madirisha na mapambo ya mbele, vipimo vyetu havikuguswa. Akaandika octave, nayo ikaamka palepale, toleo jipya, bila dirisha, maandishi matupu, na faili lililogoma likakubaliwa. Nikajifuta machozi kwa kiganja. Nikadhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Majibu yalipotoka Mhandisi aliyasoma mara ya kwanza, akavaa miwani, akayasoma tena. Kufuata vile vijiti, bomba lingeshuka moja kwa moja hadi bondeni, na presha ya pale chini ingezidi nguvu ya mabomba tuliyoomba. Yangepasuka wiki ya kwanza. Ilitakiwa njia izunguke kilima na katikati liwekwe tangi la kupunguza presha. Kijiji kingeweza kupata maji, lakini si kwa njia ile. Tukampigia mwenyekiti. Alikuwa anahema kwa furaha, "Mhandisi, njooni muone, tumefika mbali!"

Tulipanda gari la mradi kwenda kijijini. Njiani kichwa changu kilikuwa na jambo moja tu, nani alitoka nyumbani kwetu na jembe. Nilijua jibu, nikawa najidanganya kwamba labda aliazima kijana kwa jirani.

Walikuwa wamechimba kutoka juu hadi karibu na shamba la kanisa, mtaro ulionyooka, mzuri, wa bure kabisa. Mhandisi akanisukuma mbele. Nikasema mbele ya kijiji kizima kwamba njia siyo hii, kwamba jana nilisema nzuri na haikuwa nzuri. Mzee mmoja akatupa jembe chini. Mwenyekiti akasema, "Sasa si mngetuambia jana?" Kisha nikamwona mama, ndani ya mtaro, udongo hadi magotini, ananitazama bila hasira hata kidogo.

Nilimshika mkono tukaenda nyumbani. Alitembea polepole. Nikamwekea kigoda, akakaa kwa kushikilia mlango, na alipotaka kuinuka anipikie chai ilimbidi ajaribu, arudi, ajaribu tena.

"Kamwene mama," nikamwambia, maana hata salamu ya kwetu nilikuwa sijampa.

"Kamwene."

"Habari za mgongo?"

"Nzuri, mwanangu."

Mwanangu, kila Jumapili nilikuwa nampigia kutoka Iringa. Kila Jumapili namuuliza, ananijibu nzuri, nakata simu nimeridhika, naendelea na mambo yangu. Nikapiga goti mbele yake pale pale jikoni. Nikasema, "Mama, salamu zimekwisha. Nakuuliza mgongo."

Alichezea pindo la khanga. Halafu machozi yakamtoka. "Unauma," akasema. "Unauma tangu mvua za mwaka juzi. Kuna siku ndoo naiburuta. Ningekuambia, ungeacha kazi uje kubeba maji."

Ijumaa tuliingia kikaoni na hesabu za kweli, na tangi la katikati, na maelezo ya kwa nini kuna mtaro usio na kazi. Mimi ndiye niliyeeleza. Kijiji kilibaki kwenye orodha. Watu walichimba tena, wengine wakininunia, na maji yakafika. Mgongo wa mama haukunyooka tena, daktari alisema tumechelewa. Lakini ndoo alikuwa ameshaitua.

Basi nasaha yangu ni hii, na uishike. Ukisakinisha kitu, soma hadi mstari wa mwisho, hasa pale panaposema kitaondoka nini. Usichukue programu kwa usiyemjua kwa sababu tu una haraka. Weka nakala ya kazi za watu mahali pengine kabla hujaanza. Likiharibika, sema siku hiyohiyo, sema kwa kifupi, sema hata kwa mfiwa, maana kuna mtu mahali atashika jembe kwa ajili ya jibu lako. Adabu usiiache, mwamkie mkubwa, msalimie, inama. Ukishamaliza kumsalimia, mjibu. Na wewe ukiwa ndiye unayeuliza, usiondoke na nzuri ya kwanza. Leo ukitoka hapa mpigie mama yako, muulize mara ya pili.

Mungu akupe macho ya kusoma na subira ya kufika mwisho. Akupe ulimi usioogopa kusema imeharibika. Kazi ya mikono yako isimchimbishe mtu mtaro wa bure, na mama yako akuambie anapoumwa ungali na nafasi ya kumtibia. Haya, nenda.