Magauni Kumi na Tisa na Faili Mbili

Ukifika Bellevue, Johannesburg, kwenye zile nyumba kubwa za zamani zilizokatwakatwa vyumba, uliza tu kwa Victo fundi. Hata mtoto atakupeleka. Ndani kuna kitanda, cherehani mbili, laptop kuukuu inayozimika ukiichomoa tu kwenye umeme, na Victorine mwenyewe, mama wa Uvira, Kongo, tepu ya kupimia shingoni kutwa kucha.

Laptop alipewa na mteja aliyekuwa anahamia Kanada. Kufundishwa, hakuna aliyemfundisha. Alikuwa anasimama nje ya maktaba ya Yeoville, pale wifi ya bure inapofika, anaangalia video kwenye simu, halafu anarudi nyumbani mbio kujaribu kabla hajasahau. Watu wakadhani ana mchumba mule ndani. Kumbe ni Excel!

Sasa, Desemba ile ya 2017, Murielle akaja. Murielle ni rais wa kwaya ya kanisa lao, na ni mtu asiyecheka na nguo.

"Victo, sikukuu ya kwaya ni katikati ya Februari. Watu thelathini na wanne, kitenge kimoja. Jumamosi kabla ya sikukuu nakuja kuangalia kila mshono. Ikitoka sawa, wewe ndiye fundi wa kwaya zetu zote tatu. Isipotoka, narudi kwa fundi wetu wa zamani kule mjini, na usinilaumu."

Kwaya zote tatu! Victorine alikuwa anashona suruali zilizochanika na zipu zilizokufa tangu aingie Johannesburg. Hiyo ilikuwa nafasi ya kuwa fundi kweli, fundi wa watu kumtaja jina.

Akawapima wote wiki ya Krismasi, ili Murielle ajue atanunua kitenge kiasi gani. Vipimo akaviingiza kwenye faili yake kubwa, kwenye shiti, yaani ukurasa mmoja wa faili, aliyoipa jina KWAYA. Mashati ya wanaume kumi na watano angeshona mwenyewe. Magauni kumi na tisa ya wanawake akampa Joséline, Mrundi mmoja mwenye mkono mwepesi, anashonea Malvern, barabara ya Jules, nyuma ya saluni.

Lakini Joséline ana mambo yake. Anataka karatasi yenye wanawake tu, na kila kipimo kiwe kimeshaongezwa nafasi ya mshono, sentimita nne. Basi Victorine akamtengenezea faili yake peke yake. Akabonyeza jina la shiti kule chini, akachagua kuinakili iende faili ya Joséline. Mara ya kwanza akasahau kuweka tiki pale kwenye nakala. Weh! Shiti ikahama nzima nzima, kwenye faili yake zikabaki shiti za wateja wa zipu tu. Nusura azimie. Akairudisha, akaweka tiki, ikakaa kote kuwili. Sharp.

Akabadilisha namba moja kwenye faili kubwa ili ajaribu. Kule kwa Joséline, kimya. Nakala ni kama picha yako ya ukutani: wewe nenepa unavyotaka, picha haina habari. Akarudi maktaba, akaangalia video nyingine, ndiyo akajua kuna kubandika linki. Yaani kile kiboksi hakishiki namba, kinashika anwani ya mahali namba inapokaa. Akabandika upya. Akafungua faili zote mbili, akaandika kiuno cha mwanakwaya mmoja, Mamie, sentimita mia na hamsini. Kule kwa Joséline kikaruka hapo hapo, mia na hamsini na nafasi ya mshono juu! Victorine akapiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Akamrudishia Mamie tisini na nane zake.

Januari kanisa zima likaingia kwenye mfungo wa siku ishirini na moja. Unawajua hawa watu, hawafungi kwa mzaha. Kwaya ikatoka mle imenyauka. Suruali zinashikwa kwa mkono. Victorine hakuwa mjinga, akawapima upya wote baada ya mazoezi, akaingiza namba mpya kwenye faili kubwa, akahifadhi, akafunga, akaenda internet café na flash yake yenye faili zote mbili, kumchapia Joséline.

Pale café akafungua faili ya Joséline peke yake. Kikatokea kiboksi cha kuuliza: nisasishe linki, au nisisasishe? Victorine hata hakusoma. Mtu anayenunua data ya siku moja moja kidole chake kimeshazoea: simu ikiuliza lolote, jibu ni hapana, maana ndiyo moja tu inameza megabaiti zote. Akabonyeza hapana. Akachapa. Akapeleka.

Alhamisi kabla ya sikukuu akaenda Malvern kujaribisha. Wa kwanza alikuwa Mamie, mwimbaji wa mbele. Akatoka nyuma ya pazia, gauni linamfuata nyuma kama hema.

"Haki ya Mungu," Mamie akasema, "humu ndani tunaingia wawili."

"Joséline!" Victorine akafoka. "Ulikata huku umelala?"

"Mimi? Dada Victo, mimi nimekata ulichoniandikia!" Joséline akaivuta karatasi ukutani. "Soma. Mamie, kiuno mia na mbili, mshono ukiwa ndani. Nimeongeza kitu hapo?"

Kweli ilikuwa mia na mbili, yaani tisini na nane na nne za mshono, wakati Mamie baada ya mfungo alikuwa na tisini na moja. Wakajaribisha wengine watano. Wote wanaogelea.

Victorine akarudi Bellevue kwenye teksi. Siku mbili. Kwaya tatu zinaondoka hivi hivi anaziona. Akafungua faili kubwa, akafungua na ya Joséline pembeni. Eish! Kubwa inasema tisini na moja, ya Joséline tisini na tano, mshono juu, sawa kabisa! Akaangalia karatasi: mia na mbili. Sasa huyu mchawi ni nani?

Akazifunga zote mbili bila kuhifadhi. Akafungua ya Joséline peke yake, kama alivyofanya café. Kiboksi kikaja. Kidole kilikuwa kinakwenda kwenye hapana chenyewe, akakizuia. Akasoma, polepole, neno kwa neno. Akabonyeza ndiyo. Namba zikaruka safu nzima, wanawake kumi na tisa wakakonda mbele ya macho yake. Na laptop haikuwa hata na intaneti! Kumbe linki ilikuwa inakwenda tu kuchungulia faili kubwa iliyo pembeni, bure kabisa.

Akampigia Joséline.

"Ni mimi. Kosa ni langu, si lako. Unisamehe, mdogo wangu."

"Nimesikia. Sema tena, nimuwekee spika Mamie naye asikie."

"Usinichokoze. Nakuja asubuhi."

Na bahati ilikuwepo: nguo iliyozidi inapunguzika, iliyopungua ndiyo kilio. Ijumaa alfajiri Victorine alikuwa Malvern na karatasi mpya. Joséline anafumua, Victorine anapunguza, Mamie anapiga pasi huku anaimba sauti zote nne peke yake. Mpaka saa tano ya Jumamosi, gauni la kumi na tisa lilikuwa kwenye hanga, pembeni ya mashati kumi na tano ambayo Victorine alishayamaliza kwa namba mpya.

Murielle akaja Malvern saa sita. Akamgeuza Mamie mara tatu. Akapindua pindo, akavuta mshono wa ubavuni kwa kucha.

"Huu umefumuliwa."

"Ndiyo, Mama. Nilichapa vipimo vya kabla ya mfungo, Alhamisi ndiyo nikagundua kosa. Yote kumi na tisa yamerekebishwa. Angalia na mengine."

Murielle akaangalia na mengine, yote, na mashati. Hakuharakisha. Joséline alishaacha hata kutafuna bigijii.

"Fundi wa mjini angeniambia watu wangu ndio wamekosea," Murielle akasema mwishowe, huku anachukua mkoba wake. "Kwaya yetu ya pili, ya Bertrams, inakuja kwako Jumanne. Wako arobaini na nane."

Jumanne foleni ilianzia mlangoni kwa Victorine ikaenda mpaka getini. Victorine akafungua shiti mpya, akaandika BERTRAMS juu yake, akamwita wa kwanza, mzee mmoja wa besi, ambaye alipoiona tepu tu akavuta tumbo lote ndani.

"Papa," Victorine akasema, "pumua."