Wiski Kongwe Zilipoadimika Doha

Kosa langu la kwanza Doha lilikuwa kulaza wiski. Siku ya kwanza katika stoo ya hoteli, nikiwa na sare mpya iliyonipwaya mabegani, nilipewa katoni za bourbon, wiski ya Marekani, nizipange. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba chupa za divai hulazwa ili kizibo kisikauke, nikadhani wiski nayo ni ndugu yake. Nikazilaza zote, shingo zikitazama upande mmoja, nikazifuta vumbi, kisha nikasimama kando nikijisifu moyoni. Sikumwuliza mtu. Miezi ilipita kabla ya kufungua moja, na kizibo kikamegeka kama mkate uliokauka.

Mkuu wa stoo, Mhindi wa Kerala aliyeanza kazi hiyo kabla sijaingia darasa la kwanza, hakupiga kelele.

"Kijana, divai hulala, wiski husimama. Pombe kali hula kizibo. Nani alikufundisha kazi?"

"Nilijifundisha, bosi."

"Basi badilisha mwalimu."

Niliacha kazi ya baa nikiwa bado na nywele nyeusi, kwa hiyo ninyi mnaoianza sasa msiniite mzee. Lakini Doha niliyoikuta katikati ya miaka ya elfu mbili, na rafu niliyoikuta kule, vimekwisha, na aliyeviona ndiye wa kuvisimulia.

Baada ya kizibo kile sikuamini tena kitu chochote. Nilipapasa muhuri wa shingoni kwa kila chupa, nikaondoka, nikarudi kupapasa tena. Nilinusa bilauri tupu kabla hazijaoshwa nijue wageni wamekunywa nini. Mama yangu Nakuru, ambaye ni mtu wa maombi, alijua niko hotelini. Idara gani, hakuuliza, na mimi sikujitolea kumwambia. Wenzangu waliniita Inspekta. Nikiita hali ile umakini najipendelea. Ilikuwa hofu.

Baadaye nilipandishwa kaunta, huku nikibaki na ufunguo wa stoo. Huko nilimkuta Kato, Mganda wa Masaka, mhudumu bora kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Tulikaa chumba kimoja katika kambi ya wafanyakazi huko Industrial Area, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini. Nilipomweleza kwamba bourbon hutengenezwa kwa mahindi, kisha hukaa miaka, hata kumi na miwili, ndani ya pipa jipya la mwaloni lililochomwa kwa moto upande wa ndani, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Banange! Mahindi yangojwe miaka kumi na miwili? Kwetu waragi haingoji hata mgeni avue viatu."

"Ndiyo maana waragi yenu inapofusha watu."

"Na chang'aa yenu je, Mkenya? Inaongeza macho?"

Miaka hiyo ya mwanzo wiski kongwe zilikuwepo. Ya miaka kumi na miwili ilikaa wazi rafuni, na ile ya kumi na minane ilipata vumbi kwa kukosa mtu wa kuiagiza. Kisha mambo yakageuka. Tukiagiza katoni tunaletewa chupa chache. Tukiagiza chupa chache tunaambiwa tungoje mgao, yaani kila hoteli ipewe kidogo kadiri muuzaji atakavyoona. Ilinichukua muda kuelewa. Wazee waliojaza yale mapipa walijaza machache kwa sababu wakati wao bourbon haikuwa na wapenzi. Sasa dunia nzima inaitaka, na hakuna fundi awezaye kutengeneza miaka kumi na miwili kwa miezi sita. Isitoshe, kila mwaka pipa hupumua na kiasi fulani hupotea hewani. Kadiri unavyongoja, ndivyo unavyobaki na kidogo.

Kitu kikiadimika, watu huanza kutazamana. Meneja wa vinywaji, Mlebanoni mwenye sauti nzito, alihamishia ya kumi na minane kabatini na kutia kufuli. Akakaza pia desturi ya kuvunja chupa: chupa ikiisha, wahudumu wawili waipeleke nyuma, waivunje ndani ya pipa la chuma, wote wawili wakishuhudia, ili mtu asije akaijaza kinywaji rahisi na kuirudisha rafuni. Mimi niliipenda desturi hiyo. Kato alisema inatufanya tuonekane wezi wanaolindana.

Tulikuwa na mteja mmoja, mhandisi wa gesi kutoka kusini mwa Marekani, tuliyemwita Injinia. Alikunywa bourbon moja tu, ya miaka kumi na miwili, bila barafu, kwenye kiti kilekile cha kona. Jioni moja Kato alimmiminia kama kawaida. Injinia alionja, akairudisha bilauri kaunta polepole.

"Nani amechezea wiski yangu?"

Meneja akaja, akaonja, akamtazama Kato. "Habibi, umetia nini humu?"

"Sijatia kitu, bosi."

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Wiki hiyo nilikuwa nimemwona Kato akiosha faneli ndogo nyuma ya kaunta. Faneli ile tulijazia shira za matunda kila siku, na hata mimi niliitumia. Lakini kichwani mwangu ilikuwa imeshageuka chombo cha kujazia wiski rahisi kwenye chupa ghali. Nikamwambia meneja, mbele ya watu, "Nilimwona na faneli."

Kato alivuliwa tai palepale, akaambiwa akae kambini mpaka uamuzi utolewe. Kwa asiyejua Doha ya wakati ule: kibali chako cha kuishi kilikuwa mkononi mwa mwajiri. Ukifukuzwa kwa wizi, hupati pa kuhamia. Unapandishwa ndege, na mlango nyuma yako unafungwa. Kato alikuwa na mke Masaka na watoto waliokuwa shuleni kwa kazi ile.

Usiku ule nilimkuta chumbani amekaa kwenye kitanda changu, kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kupanda chake.

"Ni wewe uliyesema habari ya faneli."

"Waliuliza, Kato."

"Hawakuuliza, ssebo. Ulisema tu."

Kibaya zaidi, bado nilimshuku. Nilikaa nikimtazama mikono.

"Fungua chupa mpya," akasema. "Yenye muhuri, kutoka kwenye stoo yako. Mpe Injinia mbele ya huyo Mlebanoni. Kama hiyo ni nzuri na ile ni mbaya, mimi nitajifungia mzigo mwenyewe."

Siku iliyofuata, mchana, kabla ya baa kufunguliwa, tulikusanyika kaunta: meneja, Injinia, mimi, na Kato aliyesimama mlangoni na fulana ya nyumbani. Nilipapasa muhuri mara mbili. Ulikuwa mzima. Nikaukata, nikamimina. Injinia akanusa, akanywa, akafumba macho kidogo.

"Si yenyewe. Hii nayo si yenyewe."

Kwa sekunde moja nilifurahi kwa ajili ya Kato. Kisha meneja akanigeukia mimi.

"Ufunguo wa stoo ni wa nani?"

Ulikuwa wangu peke yangu. Nilitaka kusema kwamba muhuri ulikuwa mzima, kila mtu ameuona, lakini nilijua mtu aliyeamua kushuku huona nini. Anaona muhuri uliorudishwa kwa ustadi. Ningekuwa mimi, ningeona hivyo hivyo. Nikatafuta chupa ya zamani ya kulinganisha, nikakumbuka kwamba zote tulizivunja, wawili wawili, tukishuhudiana.

Aliyesema kitu ni Kato, kutoka pale mlangoni. "Bosi, huyo hawezi. Anaogopa hata kunywa soda ya mgeni."

Meneja hakucheka. Injinia yeye aliivuta chupa, akavaa miwani, akaizungusha. Akaizungusha tena.

"Namba iko wapi?" akauliza.

Tukasogea. Jina lilikuwa lilelile, karatasi ya rangi ileile. Pale shingoni palipokuwa na kumi na mbili palikuwa na ua la kuchorwa. Meneja akampigia muuzaji simu, akatoka nayo koridoni, akarudi akiwa amepoa. Kiwandani hawana tena wiski ya umri huo ya kutosha. Wanachanganya na changa zaidi, kwa hiyo wameondoa umri. Katoni zimekuwa zikija hivyo kwa muda. Muuzaji alidhani tumeona.

Aliyezipokea katoni zile ni mimi, nikizipanga nyuma ya zile za zamani zilizokwisha wiki hiyo. Nilipapasa kila shingo, na sikuisoma hata moja.

"Khalas," meneja akasema. "Kato, vaa tai. Yalla, kazini." Radhi haikutoka kwake. Ilitoka kwa Injinia, aliyesimama akampa Kato mkono, kisha akaimaliza ile changa bila kulalamika.

Mimi niliomba radhi kambini jioni ileile, nimesimama, maana kukaa niliona aibu. Kato alikuwa akikunja mashuka yake. Alikuwa ameomba kuhamishiwa chumba kingine.

"Kwa nini ulinitetea?" nikamwuliza.

"Kwa sababu nilijua hukuiba. Ni hilo tu." Akafunga begi. "Pua yako ni nzuri, Mkenya. Tatizo unanusa watu."

Tulifanya kazi pamoja miaka kadhaa baada ya hapo, tukipeana chupa na barafu kwa adabu, bila mzaha hata mmoja. Mkataba wangu ulipokwisha nilirudi Nakuru. Sasa nafundisha vijana wa hoteli kumimina, na mama anajua idara gani.

Wiski kongwe hazijarudi. Zilizobaki hufungiwa kwenye kabati la kioo na kumiminwa tone kwa tone, na nyingi ya zile nilizozijua zina jina bila umri. Siku hizi mwanafunzi akiniambia mteja amelalamika kinywaji kimebadilika, nasoma chupa kwanza, na jina la mtu silitaji.