Nani Amshike Mtoto?

Siku yangu ya kwanza ya kazi Musoma nilivaa suti niliyorudi nayo kutoka ng'ambo, na mashine haikuwaka. Mimi, mtoto wa wakulima wa Suguti, niliyejisomesha kwa kuuza furu wakavu, samaki wadogo wa ziwani, hadi nikapata diploma ya mionzi, nilikuwa nimezoea mashine ambazo mkoa wetu haujawahi kuziona. Mganga Mfawidhi, mkuu wa hospitali, alinitazama akasema umeme hauna ratiba, filamu ni chache, na dawa ya kusafishia picha itaiharibu suti hiyo. Sikuelewa kama ananikaribisha au ananifukuza.

Ilikuwa miaka ya foleni za sukari. Ninyi mnaotazama picha kwenye kompyuta hamjui chumba cha giza. Filamu tuliisafisha kwa mkono katika dawa, na ukiiharibu hupati nyingine. Mionzi yenyewe haionekani, hainuki, wala haiumi inapopita. Mfupa huizuia zaidi kuliko nyama, ndiyo maana hutokea mweupe. Mingine ikishagonga mwili wa mgonjwa hutawanyika na kumfikia aliye karibu. Kinga ni kukaa muda mfupi, kusimama mbali na kujifunika. Ukirudi nyuma mara mbili ya umbali wa kwanza, inayokufikia hubaki robo, si nusu. Niliwaeleza hata waganga jambo hilo, nao wakacheka.

Nikahamishiwa Bunda. Huko nilikuta aproni moja ya risasi, yale madini mazito yanayozuia mionzi. Ilikuwa na ufa kwa sababu aliyenitangulia alikuwa akiikunja kama kanga. Aproni ya risasi hutundikwa. Niliitundika, nikapiga marufuku mtu kuigusa.

Asubuhi moja walikuja wanawake wawili kutoka upande wa Butiama, mmoja mzee, mmoja binti, na mtoto aliyemeza nati ya plau. Mtoto alirusha miguu na mikono, nami nilikuwa na filamu moja tu ya saizi yake. Lazima ashikwe. Sisi wafanyakazi hatushiki, kwa kuwa tungeshika kila siku. Hushika ndugu, ila asiwe mjamzito, kwani mionzi ni hatari zaidi kwa kiumbe kilicho tumboni.

Nikauliza mama wa mtoto ni nani. Wote wawili wakaitika.

"Wewe mama si bibi yake?" nikamwuliza yule mzee.

"Mtoto ni wa mji wangu. Huyu nimemuoa mimi."

Nikadhani anamaanisha mwanawe ndiye aliyeoa, nikauliza baba wa mtoto yuko wapi. Mzee akanikazia macho, binti akatazama sakafu. Kwetu Suguti sikuwahi kuliona hilo, na ng'ambo hawakulifundisha: mama asiye na mtoto wa kiume anaweza kumlipia binti mahari, na watoto wa binti huyo wakawa wa mji wake, yaani wa nyumba na ukoo wake.

Nikamwuliza binti, hapo hapo mbele ya mwenye mji wake, kama ni mjamzito. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba hana kitu.

Mganga Mkuu wa Wilaya, mtu wa pwani, akachungulia mlangoni. "Bwana Picha, unapiga picha au unafungisha ndoa? Mpe binti aproni, mtoto asije akapaliwa."

Nikampa. Hakuivaa mabegani. Aliikunja mara mbili, akaikandamiza tumboni kwa mikono yote.

Nilianza kumgombeza kwa kukunja mali ya hospitali, kisha nikaona anachokikinga. Nikamwambia Mganga Mkuu kwamba huyu akiwa chumbani siwashi mashine. Akauliza kwa nini, nami sikujua namna ya kumjibu bila kumwaibisha binti. Mzee ndiye aliyenyoosha mkono.

"Nipe mimi. Tangu mlangoni nilikwambia mtoto ni wangu. Watu wa picha mnasumbuaga sana."

Akavaa aproni, akamshika mtoto imara, picha ikatoka safi: nati ilikuwa imeshavuka koo, ipo tumboni, itatoka yenyewe. Huko nje binti alininong'oneza kwamba mimba ilikuwa changa mno kutajwa mbele ya mwenye mji. Mpaka leo sijui kama mzee alikuwa ameshaelewa kabla yangu.

Baadaye biashara huria ikaruhusiwa, nikafanya kazi katika kliniki ya mtu binafsi Musoma, ambako watu walikuja kununua picha kama dawa ya maumivu. Hilo pia sikulielewa.

Sasa nimestaafu, nimejenga Butiama nyumba ya vigae. Vijana wa kazi hii nawaambia: swali la mimba mwulize mwanamke akiwa peke yake. Yule mama mzee bado yupo, na lile swali langu la baba wa mtoto hajalisahau. Akiniona sokoni huwaambia wenzake, "Huyu ndiye daktari aliyenitafutia mume," nao hucheka. Nyuma yake husimama mwanamke mrefu, yule aliyekuwa tumboni siku ile, amebeba kikapu, akicheka kuliko wote. Nimepiga picha nyingi katika mkoa mzima wa Mara, tena bora. Ninayojivunia zaidi ni ile ambayo yeye hakuwemo chumbani.