Shoka la Mama Lenye Ngozi Mbichi

Wiki jana nilipitia soko la Kariokor kutafuta akala za kuvaa shambani, na kabla sijamfikia muuzaji pua yangu ikakutana na ngozi mbichi iliyoanikwa nyuma ya kibanda. Mwenzangu, nilitapika. Mtu mzima na mvi zangu, nimeshika ukuta, vijana wananiuliza, "Mathe, uko poa?" Siko poa. Harufu ile inanitia kinyaa tangu utotoni, ingawa nikikueleza mpaka mwisho utaona kwamba anayenitia kinyaa zaidi ni mimi mwenyewe.

Tulikaa mtaa wa Mbotela, chumba kimoja, watu watano na jiko la makaa. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea kwisha. Mama alipiga msasa kwenye banda la wachongaji upande wa Pumwani. Wanaume walikaa ndani kivulini wakichonga twiga na vifaru, wanawake walikaa nje juani wakiwalainisha wanyama hao, vumbi la mti likiwaingia puani kutwa nzima. Usiku mama alikohoa makohozi ya rangi ya kahawia, akayatemea kwenye mkebe mtupu wa mafuta ya kimbo uliokaa chini ya kitanda. Kuumwaga mkebe ule asubuhi ilikuwa kazi yangu. Ptuu! Hata sasa nikikusimulia mate yananijaa mdomoni.

Na mama alijua kuchonga, usidhani. Alifunzwa na babu huko Ukambani, na aliwashinda nusu ya wale waliokaa kivulini. Alichotaka ni nafasi ndani ya banda, basi. Mwenyekiti wao, mzee mwenye tumbo na maneno mengi, alimzungusha miaka miwili. Mwishowe akamwambia mbele ya wenzake, "Jumamosi ijayo njoo na shoka lako mwenyewe uchonge tukuone. Ukiweza, utakaa. Ukishindwa, usitusumbue tena."

Siku iyo hiyo tukaenda Gikomba kwa wafua vyuma. Laiti ungemwona mama akichagua! Yale mashoka mapya yaliyopakwa rangi nyekundu aliyapita bila kuyatazama. "Hayo ni ya kupamba ukuta," alisema. Alitaka bapa lililofuliwa kutoka kwa springi ya lori. Alilining'iniza kwa uzi, akalipiga kwa ukucha, akasikiliza. Likilia kwa sauti fupi ya kukwama, alilirudisha, kwa sababu lina ufa. Kisha alipitisha tupa kwenye makali: tupa ikiuma, chuma ni laini, ikiteleza, chuma kimeiva. Halafu alijinyoa malaika ya mkono nalo, pale pale, watu wakitazama. Mipini nayo aliikagua kama nyuzi za mti zimenyooka mpaka mwisho.

Yule mfua vyuma uvumilivu ukamwisha. "Mama, unanunua shoka ama unaoza binti?"

"Binti akiachwa atarudi nyumbani kwa miguu yake," mama akamjibu. "Shoka likinitupa, mimi nitarudi wapi?"

Lile alilolichagua lilikuwa baya la kutisha, jeusi kwa oili chafu. Halikuwa na msumari hata mmoja. Bapa lililazwa kwenye kona ya mpini, likazungushiwa ngozi ya mkia wa ng'ombe ikiwa bado mbichi, na manyoya yake na mafuta yake. Ngozi ile ikikauka polepole kivulini inabana kuliko chuma. Ndiyo kusema ilibidi likae juma zima limening'inia chumbani kwetu, juu ya kitanda nilicholala na ndugu zangu.

Siku ya tatu ilianza kunuka. Siku ya nne, nzi. Siku ya tano tone la mafuta liliniangukia mdomoni nikiwa usingizini. Uwii! Shuleni wenzangu walihama dawati langu. "Kwenu amekufa nani?" walinicheka, wakaziba pua. Mama wa mlango wa pili akaacha kuja kuomba chumvi, yeye ambaye kila jioni chumvi yake iliisha. Nilimsihi mama alitoe shoka nje. Akasema, "Vumilia, mwanangu. Harufu itaisha, kazi itabaki."

Mimi sikuvumilia. Ijumaa mama alipokuwa kazini nililishusha, nikalitumbukiza kwenye karai la maji ya moto, nikalisugua kwa sabuni ya mche na jivu. Nililiacha humo mpaka maji yakapoa, huku nikicheza mpira wa kati nje na wenzangu. Ngozi ikageuka nyeupe, ikalegea kama utumbo. Nikaipangusa, nikaikausha kidogo juu ya jiko, nikalifunga shoka kwenye gunia na kamba. Mama aliporudi giza limeingia nilimwambia, "Nimekufungia vitu vyote vya kesho." Alinishika shavu. "Leo umekuwa mtu mzima," akasema.

Jumamosi tulikwenda pamoja, mimi nimebeba gunia. Wanaume walikuwa wamekaa na chai na mandazi, midomo inang'aa mafuta, wakingoja kuchekeshwa. Mama alifungua gunia akiwa tayari amepewa gogo, mwenyekiti anamhimiza, "Haya anza, tuna kazi." Akapiga mara tatu. Mapigo safi, shingo ya twiga ilianza kuonekana, na nilimwona mzee mmoja akiacha kutafuna. Pigo la nne bapa likachomoka, likaruka mbele ya magoti ya mwenyekiti na kujikita kwenye nguzo.

Kicheko chao! Makombo ya mandazi yaliwaruka midomoni. Mama aliokota mpini. Aliibinya ngozi, na povu likatoka katikati ya vidole vyake. Akanusa. Kisha akanitazama.

Mwenyekiti, jasho likimtoka kwa hofu, akafoka, "Nani alikuchagulia takataka hii?"

Niliangalia vidole vya miguu yangu.

"Ni mimi," mama akasema. "Nilichagua mwenyewe."

Jumatatu gogo lake alipewa kijana mmoja akalimalizia. Alhamisi twiga yule akaletwa nje kupigwa msasa, na wakamkabidhi mama. Nilikuwa nimempelekea uji. Alimlaza mapajani, akamlainisha shingo ile aliyoianza yeye, vumbi likimpanda usoni.

Banda lile halipo siku hizi, wanauza mitumba hapo. Watu wa rika langu wakikutana husifu kila kitu cha enzi zile, usafi wa mitaa, adabu ya watoto. Nawaacha waseme. Mama aliendelea na msasa mpaka kifua kikamshinda, akaishi miaka mingine mingi kwangu, na mkebe wake niliumwaga mimi. Habari za shoka hakuniuliza hata siku moja. Mara nyingi nilikaa kando ya kitanda chake nimejiandaa kumwambia, na kila nilipofungua mdomo nilimwuliza kama amekula.