Mama Fukusi na Panya wa Profesa

Wanafunzi ndio waliompa jina la Mama Fukusi, na walikusudia kumkejeli. Yeye alilipokea kama mtu anavyopokea koti lililomkaa vizuri. Alikuwa mhadhiri wa elimu ya wadudu, mwanamke mfupi, si mwingi wa maneno, mwenye sauti iliyokwaruza kidogo kwa vumbi la nafaka. Ofisi yake ilikuwa na dirisha lisilofungika, kabati lililokwama, na rafu nzima ya chupa za kioo zilizojaa mahindi. Ndani ya chupa hizo waliishi fukusi, wale wadudu wadogo weusi wenye mdomo kama mrija. Ukitega sikio ungewasikia wakitafuna. Wenzake hawakuwahi kutega sikio. Walipita mlangoni wamekunja pua, wakiwahi semina.

Hakuwachagua fukusi kwa mapenzi. Alipokuwa msichana, mama yake alifungua ghala mavuno mapya yakiwa bado mbali, akakuta magunia yamenywea kama watu waliotoka kuugua. Punje zilikuwa zimebaki maganda na unga wa kijivu. Mama hakulia. Aliuchekecha ule unga, akapika, wakala, na kila mmoja pale alijua anakula nini. Tangu hapo binti akawa na ugomvi na mdudu yule, na ugomvi huo ukamfikisha hadi shahada ya uzamivu.

Wazo lake lilikuwa rahisi kiasi cha kuwaudhi wasomi. Mahindi yakifungiwa ndani ya pipa lisilopitisha hewa, fukusi waliomo humaliza hewa yote wenyewe, wakafa. Hakuna dawa, hakuna sumu kwenye chakula cha watoto. Alichotaka kujua ni kama mapipa hayo yangestahimili maisha ya nyumbani kwa watu, ambako kifuniko hufunguliwa kila siku na mikono yenye haraka. Kwa hilo alihitaji ufadhili, na ufadhili haupatikani bila andiko, na andiko halitoki chuoni bila kupitia kwa mkuu wa idara.

Mkuu wa idara aliitwa Tuboreshe. Jina hilo mwenyewe hakulijua, ingawa hata mfagizi alilitumia. Lilitokana na neno lake la pekee. Ukimpelekea andiko angelipima uzito mkononi, kama anayenunua nyama, halafu angesema, "Zuri. Tuboreshe kidogo." Kuboresha kwake hakukuwa kusoma. Kulikuwa ni kupachika maneno yaliyokuwa yakivuma mwaka huo. Mwaka wa mabadiliko ya tabianchi, fukusi waliboreshwa wakawa wa tabianchi. Mwaka wa teknolojia, waliboreshwa wakaingizwa kwenye simu za mkononi. Akishamaliza hapo, angeboresha orodha ya watafiti kwa kuweka jina lake juu ya majina mengine yote.

Andiko la kwanza la Mama Fukusi lilirudi limekataliwa, na barua ya wafadhili ilisema hawakuelewa mradi unahusu nini. Alipoisoma aliwaona ni watu wenye akili timamu, kwani hata yeye hakuwa akiuelewa tena. La pili lilifia mezani. Tuboreshe alikuwa safarini na muhuri aliufungia kwenye droo. Aliporudi, mlango wa maombi ulishafungwa. Akamwambia kwa upole, "Dada yangu, sayansi inataka subira." Wajumbe wa kamati ya idara, watu wazima wenye vyeti ukutani, walitikisa vichwa kukubali. Kutikisa vichwa ndiyo kazi waliyoimudu kuliko zote.

Kisha likaja tangazo la mfuko mmoja mkubwa wa utafiti. Ulitaka miradi kuhusu panya na uharibifu wa chakula, na sharti lake lilikuwa andiko moja tu kwa kila idara. Mama Fukusi hakuwa na habari na panya, akaendelea na chupa zake. Wiki chache baadaye Tuboreshe akamwita ofisini. Kulikuwa na zulia jipya, na kiti cha mgeni kilikuwa kifupi makusudi, ili mgeni amwangalie mwenyeji kwa kuinua shingo.

"Dada, wewe una jicho la lugha," alisema, akimsogezea bunda la karatasi. "Hebu lipitishie macho. Koma na nukta tu. Mambo ya kisayansi nimeshayamaliza mwenyewe."

Alilisoma nyumbani, kwenye meza ya chakula, mumewe akiwa ng'ambo ya pili anasafisha koki ya mteja. Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu wa kupenda kimya baada ya kutwa nzima ya kugonga vyuma. Ukurasa wa kwanza ulimtia mashaka. Wa pili ulimpandisha damu kichwani. Lilikuwa andiko lake, lile lililofia mezani, neno kwa neno, isipokuwa kila palipoandikwa fukusi sasa palikuwa na panya. Tuboreshe aliiambia kompyuta ibadilishe neno, kompyuta ikabadilisha, naye akaenda kunywa chai.

Alipofika ukurasa wa nne aliusoma, akarudi juu akausoma upya, karatasi ameisogeza karibu na taa, mpaka mumewe akainua uso.

"Kuna nini?"

"Sikiliza," alisema, akasoma taratibu. "Panya jike hutoboa punje ya hindi kwa mdomo wake mrefu, hutaga yai moja ndani yake, kisha huziba tundu kwa ute. Buu wa panya hula kiini cha punje kutoka ndani. Hatimaye panya kamili hutokeza nje, akiacha tundu dogo la mviringo."

Fundi aliweka koki chini. "Panya anatoka kwenye punje ya hindi?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na huyu ni profesa?"

"Kamili."

Mumewe alitazama koki, akamtazama mkewe. Hakucheka. "Amekuibia, halafu hata kuiba hajui. Sasa utafanya nini?"

"Nitamwambia."

"Na asiposikia?"

"Hapo itakuwa shauri lake."

Asubuhi alimkuta Tuboreshe akirekebisha tai mbele ya kioo. Alimtolea uvivu, ila kwa heshima, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa. Alimwambia kwamba andiko lile ni lake na analitambua kila mstari. Tuboreshe alitabasamu kama mtu aliyeambiwa mvua itanyesha.

"Maandiko ni mali ya idara, Daktari. Tumekulia pamoja humu. Jina lako lipo, angalia vizuri, la sita."

"Sawa, Profesa. Lakini ukurasa wa nne umeusoma?"

"Nimeusoma wote."

"Usome tena. Panya hatagi."

"Shida yako unashikilia vijambo vidogo vidogo," alisema, tayari ameshika kitasa. "Ndiyo maana hupati ufadhili."

Hakukata tamaa. Kamati ya idara ilipokutana kulipitisha andiko, alinyoosha mkono akasema kwa sauti ya kusikika kwamba ukurasa wa nne una kosa kubwa la kibayolojia na kwamba ingefaa kila mjumbe aufungue. Kurasa hazikufunguliwa. Mjumbe mmoja alikuwa akichokonoa simu chini ya meza. Mwingine, ambaye alikuwa amefundisha maisha ya wanyama tangu nywele zake zikiwa nyeusi, alisema tusiwe watu wa kukatishana tamaa. Wa tatu alimvika Tuboreshe kilemba cha ukoka, akasema hajapata kuona andiko lililopangika namna hii. Tuboreshe alishukuru. Muhtasari wa kikao ulieleza kwamba wajumbe walilijadili andiko kwa kina na kulipongeza. Likapanda kwenye kitivo, wakalijadili kwa kina. Likapanda ofisi ya utafiti ya chuo, wakalijadili kwa kina. Panya walipita milango yote hiyo na mayai yao, na hakuna bawabu aliyewauliza waendako.

Wafadhili walijibu upesi kuliko kawaida. Walitaka kuzungumza na watafiti wote kwa njia ya mtandao. Idara ikaona ni dalili njema. Chumba cha mikutano kilipigwa deki, maua ya plastiki yakafutwa vumbi, na Tuboreshe akavaa suti ya harusi ya mwanawe. Mama Fukusi alikaa mwisho wa meza, ile nafasi ya jina la sita.

Kwenye skrini walitokea watu watatu. Aliyeongoza alikuwa mwanamke mzee mwenye miwani minene, mtaalamu wa panya kwa maisha yake yote. Alisalimia, akauliza habari za kazi, kisha akafungua karatasi zake.

"Profesa, tumevutiwa sana na ukurasa wa nne," alisema. "Naomba utueleze kuhusu panya jike na ile punje."

Tuboreshe alikaa sawa kwenye kiti. Hakujua punje ipi, lakini hakuwahi kuzuiwa na hilo. "Asante kwa swali zuri. Hiyo ndiyo nguzo ya mradi wetu. Ni jambo ambalo watafiti wengine wamelipuuza kwa miaka mingi."

"Naamini. Ninyi mmelishuhudia wenyewe?"

"Kwa macho yetu. Hapahapa maabara."

"Mmeliona yai?"

"Mayai mengi," alisema Tuboreshe.

Mwanamke wa kwenye skrini alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mwenzake wa kushoto alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja. Ndani ya chumba, mzee wa maisha ya wanyama aliufungua ukurasa wa nne kwa mara ya kwanza, akausoma, na rangi ikamtoka. Tuboreshe aliona jambo limeharibika bila kujua ni lipi, akafanya alichozoea kufanya: akatafuta mtu wa kumtupia.

"Kwa undani zaidi, Daktari wetu pale mwisho atafafanua. Yeye ndiye mtu wa vijambo vidogo vidogo."

Wote wakageuka. Mama Fukusi alisema baadaye kwamba moyo wake haukwenda mbio hata kidogo, na kwamba jambo hilo lilimshangaza. Alisogea mahali kamera ilipoweza kumwona.

"Anayeelezwa pale ni fukusi," alisema. "Fukusi hutaga ndani ya punje. Panya huzaa, kama mnavyojua."

"Tunajua," alisema yule mwanamke. "Na fukusi wamefikaje kwenye andiko la panya?"

"Walikuwa kwenye andiko langu. Limebadilishwa neno moja."

Mwanamke alimshukuru, akawashukuru wote, akawatakia kazi njema. Skrini ikawa nyeusi.

Ungedhani kwamba siku ile Tuboreshe ndiye aliyetoka chumbani ameinama. Alitoka akiongea na simu. Waliomzingira Mama Fukusi kwenye korido ni wale wajumbe waliolijadili andiko kwa kina. Walimwambia amewaaibisha. Mmoja alisema angeweza kufunika kombe, angetafuta hata maelezo ya uongo, mbona kuna panya wa kila aina duniani. Mzee wa maisha ya wanyama alimwambia, kwa uchungu wa kweli, "Ungetuambia mapema."

"Niliwaambia kwenye kikao."

"Ungesisitiza."

Alimtazama yule mzee, ambaye zamani alikuwa mwalimu wake, ndiye aliyemfundisha kushika darubini, na hapo ndipo alipoumia. Wengine hakuwahi kuwategemea.

Wafadhili waliifungia idara isiombe kwao kwa miaka kadhaa. Chuo kikaunda kamati ya uchunguzi, ambayo ilikula vitafunio vingi na kuona kwamba kosa lilikuwa la kompyuta. Tuboreshe akapandishwa cheo, akawa mkurugenzi wa ubora wa utafiti kwa chuo kizima, kwenye jengo lenye lifti.

Mama Fukusi hakuandika tena andiko. Mama mkwe wake, mjane mwenye ulimi mkali aliyelima hadi uzeeni, alikuwa akimdhihaki kila wanapokutana: "Mwanangu, bado unafuga wadudu wakati wenzio wanafuga kuku?" Safari hii alimwendea yeye. Alimweleza habari za mapipa, na bibi akauliza, "Nikiyafunga mahindi yangu humo yakaoza, nitakula vyeti vyako?" Baada ya kubishana wakaelewana: nusu ya mavuno ndani ya mapipa, nusu kwenye magunia kama zamani. Wanawake jirani wakaingia nao, wengine kwa kuamini, wengine kwa umbea. Fundi bomba akaweka mipira ya kuzuia hewa kwenye vifuniko, na mipira ya kwanza ikavuja, akarudia kazi huku akinung'unika. Mapipa mengine yaliharibika kwa sababu watoto waliyafungua kuchota. Kwenye pipa moja mahindi yaliota ukungu, na mwenye pipa hajamsamehe mpaka leo.

Lakini yaliyofungwa vizuri yalifunguliwa wakati magunia yameshanywea, na punje zilikuwa nzima, nzito, zinateleza mkononi. Mama mkwe aliingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa, akanusa. "Hawa wamekufa kweli," alisema, kisha akaomba pipa la pili.

Mama Fukusi alichapisha makala fupi kwenye jarida lisilo na makuu, akaeleza yaliyofaulu na yaliyoshindikana, lile la ukungu pia. Miezi michache baadaye taarifa ya mwaka ya chuo ilitoka kwenye karatasi za kung'aa. Mapipa yalikuwemo, yametajwa kama tunda la uongozi makini wa kurugenzi ya ubora, na pembeni ilikuwapo picha ya Tuboreshe ameshika hindi, amelishika kama mtu anayeshika kipaza sauti.

Mkuu mpya wa idara alimletea nakala, akasimama mlangoni akisubiri afurahi.

"Umeona? Tumetajwa."

Mama Fukusi aliitazama picha, akacheka kwa puani.

"Mwambie Profesa," alisema, akirudisha taarifa, "hilo hindi aliloshika limetobolewa. Wamo."