Chenja ya Kupandisha Mabua

Wiki moja baada ya kumzika bibi, mdogo wangu wa kiume alitufundisha chenja, zile nyimbo ambazo kuruta huimba wakikimbia alfajiri. Alikuwa amepewa ruhusa ya siku kumi kutoka kambini kwa ajili ya msiba. Bibi ndiye aliyekuwa mtu mzima wa mwisho kwetu. Wazazi walitangulia nikiwa kidato cha pili. Niliacha shule, nikabaki na kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, ng'ombe mmoja na wadogo wawili: huyu kuruta na kitinda mimba wetu, msichana ambaye sasa yuko darasa la nne.

Jumamosi hiyo tuliteremka hadi shamba la chini, ng'ambo ya Kiboriloni, kuchukua mabua ya ng'ombe. Njia ya kurudi Old Moshi ni mlima mtupu. Mtoto alipoanza kulegea, kaka yake akasema, "Wewe itikia 'nyama' tu. Utafika bila kujua."

Akaanza.

"Afande kasema leo ni nyama!"

"Nyama!"

"Nimechimba sahani nzima!"

"Nyama!"

"Nimekuta harage limelala!"

Mtoto alicheka mpaka mzigo ukamwinamia usoni.

"Na afande anasikia?" nikauliza.

"Si anakimbia pembeni yetu, dada! Kwenye chenja unamsema hata yeye, na hakasiriki. Ndivyo ilivyo. Mwambie hayo hayo mmesimama, utaruka kichura mpaka jioni."

Tulipanda. Alimsema mpishi, akamsema mwenzake anayelia akiota ndoto. Halafu sauti ikashuka kidogo.

"Dada yangu aliacha shule!"

"Nyama!" mtoto akaitikia.

"Kaacha kalamu kashika jembe!"

"Nyama!"

"Jumatatu sirudi kambini!"

"Nyama!"

"Nabaki nyumbani dada apumzike!"

Mtoto aliitikia kabla hajaelewa. Mimi nilikuwa nyuma, naona mabua na visigino vya kaka yake tu. Nilikuwa nimehisi tangu Jumatano. Gwanda lake lilikuwa bado halijafuliwa, na yeye alikuwa akikarabati banda la ng'ombe kama mtu wa kukaa. Asiporudi angehesabiwa mtoro, na mafunzo aliyoyatamani tangu utotoni yangeishia hapo, ikiwa imebaki miezi miwili tu.

Hakuweza kuniambia ana kwa ana. Nyumbani kwetu hakuna anayebishana na mimi. Kwa hiyo aliniimbia, na mimi sikuruhusiwa kukasirika. Nami kumjibu kwa ukali nisingeweza, maana ningelia, na mtoto alikuwa anatusikia. Tangu wazazi wafe sikuwa nimeimba popote isipokuwa kanisani. Nikakohoa.

"Kuruta wangu kaogopa harage!"

Sauti ndogo ya mtoto ikaitikia: "Nyama!"

"Jembe hili lina mwenyewe!"

"Nyama!"

"Jumatatu panda gari!"

Mara hii waliitikia wawili. Hatukuimba tena mpaka tulipofika kwenye masale, ile mimea inayozunguka kaburi la bibi, na kutua mizigo. Mdogo wangu akaenda kuchota maji, akaloweka gwanda.

Jumatatu nilimsindikiza barabarani. Siku zote hunisalimia kwa "mambo, dada". Asubuhi ile alivua kofia, akasema shikamoo.

Alipiga simu Jumapili ya tatu.

"Dada, chenja yako inaimbwa kombania nzima. Wanadhani ni ya dada mmoja mkali sana."

"Wanacheka?"

"Wanacheka hasa. Afande naye."

"Anaongoza nani?"

"Mimi. Ila nikifika kwenye jembe, namwachia mwenzangu aimbe."

Nikamwuliza wamekula nini mchana.

"Nyama," akajibu.