Mstari Uliotulia Umeme Ulipokatika

Mimi nimelelewa Ruashi, kando ya mgodi. Mtu wa huko hafukuzwi na kelele. Ndiyo maana profesa aliyesimamia utafiti wangu aliponitaka niuache, damu ilinichemka.

"Maman, acha hii sujet," alisema. "Kelele ya courant iko mingi hapa. Soudeurs, pompes, mine. Fanya simulation tu, utamaliza mbio."

Yaani kwa sababu ya umeme wa wachomelea vyuma, pampu na mgodi niache mada yangu, nichukue namba za watu wa ng'ambo, nizichezee kwenye kompyuta. Sikutaka. Nilitaka kusikiliza, hapa hapa Lubumbashi, ule mnong'ono wa umeme ambao waya wowote wenye joto huutoa. Kifaa changu kilikuwa kipete cha seramiki. Kikizamishwa katika azoti ya kimiminika, umeme hupita ndani yake bila kukinzwa hata kidogo, nacho huhisi mitikisiko midogo mno. Azoti niliiomba kwa daktari wa mifugo, anayeitumia kuhifadhi mbegu za madume ya ng'ombe. Watu walinicheka njiani, nimebeba chombo kinachofuka. Wacheke.

Profesa alinipa nafasi moja: nipime mbele yake, au nibadilishe mada. Alipokuja mchana, mstari wa kelele kwenye skrini ulikuwa unarukaruka kwa ngurumo za mji mzima. Akatikisa kichwa. Papo hapo umeme ukakatika, chuo kizima kikaguna.

"Voilà. Imeisha."

"Aiyaisha, Prof," nilimpinga.

Vifaa vyangu vilikuwa kwenye betri ya lori tangu asubuhi. Kukatika huko ndiko nilikokuwa nakungoja. Kelele za mji zilikoma, mstari ukashuka, ukatulia chini kabisa.

"Mashini yako imekufa," alisema.

Nilikasirika kweli. Ndani ya azoti kulikuwa pia na kikinza kidogo, kipande kinachokinza umeme, ambacho kipete kilikuwa kinasikiliza mnong'ono wake. Nikakitoa kile kikinza na waya zake, kipete kikabaki ndani, nikakifuta barafu, nikangoja kidogo, kisha nikamwekea profesa kiganjani.

"Kamata, Prof. Angalia."

Kilivyopata joto la mkono wake, mstari ulipanda polepole. Mwenye macho haambiwi tazama.

"Iko inapanda," alisema kwa sauti ndogo.

"Ni joto ya mukono yako."

Hakukiachia. Nje mtu akawasha jenereta, mstari ukavurugika. Profesa akasukuma dirisha kwa mkono wa pili, akapiga kelele:

"Zima ile groupe! Tuko tunapima!"